Kimya cha Chumba cha Mama

Wasomaji wangu, mara iliyopita mliniacha mlangoni kwa mama, ufunguo mkononi, nacheka peke yangu kama aliyeokota kitu. Nilikuwa nimefukuzwa kazi redioni kwa kosa la mtu mwingine. Nilikuwa nimenuniwa na mama yangu mzazi miezi saba kwa maneno niliyomrushia wiki tuliyomzika baba. Halafu siku moja, hivi hivi tu, mama akanifungulia mlango na kusema, "Njooni mpige hiyo filamu yenu hapa. Kwani nyumba hii si yako pia?"

Wasomaji mmenipongeza sana. Kuna aliyeandika kwamba mikosi yangu sasa imefika mwisho. Ndugu yangu, asante, ila ungengoja kwanza.

Ninayoyasema leo sijamwambia mtu. Nimeandika na kufuta mara nne, si kwa aibu tu bali kwa kinyaa. Kinyaa cha mume wangu, kinyaa cha zile mashine, na kinyaa cha mkono wangu huu wa kulia, ambao mtaona ulifanya nini.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mume wangu ni mwongozaji wa filamu. Ndivyo anavyojitambulisha. Kazi yake halisi ni kupiga video za harusi, ila ukimwambia hivyo anakununia siku mbili. Mimi ni mtu wa sauti. Redioni nilikaa miaka tisa, na najua kunasa sauti kuliko ninavyojua kupika.

Shindano la filamu tuliloingia lilikuwa la siku mbili. Ijumaa saa kumi na mbili jioni kila timu inaokota bahasha. Ndani umeandikiwa aina ya hadithi na kitu ambacho lazima kionekane. Jumapili saa kumi na mbili jioni unapeleka filamu ya dakika tano. Ukichelewa, umetoka. Na kila mtu ambaye uso wake unaonekana lazima awe ametia sahihi fomu ya kukubali, la sivyo filamu haipokelewi.

Timu ya kwanza ingepewa kazi ya mwaka mzima kwenye kituo cha televisheni. Wote, hadi mtu wa sauti. Mimi niliyekuwa nimekaa nyumbani nahesabu nzi, mnaweza kuelewa nilivyoitaka ile kazi.

Tulikuwa wanne. Mume wangu, mimi, mpiga picha tuliyemwita Lenzi, na mwigizaji tuliyemwita Malkia kwa sababu hakuna alichokubali bila kubembelezwa.

Bahasha yetu ilisema: hadithi ya huzuni, na simu.

"Rahisi!" mume wangu akasema, anapunga ile karatasi. "Mama anapigiwa simu, anaambiwa mwanawe amekufa. Analia. Dakika tano hizo zimekwisha."

"Mama gani?" Malkia akauliza. "Mimi nina miaka thelathini."

"Tutakupaka unga kichwani."

"Usinitanie."

Alipakwa.

Jumamosi tulianza saa moja asubuhi chumbani kwa mama. Mume wangu alikipenda chumba kile kwa sababu ya dirisha. Mama akahamia sebuleni na kikapu chake cha nguo za kukunja, hana neno, hata chai akatupikia.

Malkia hakuweza kulia. Alikunja uso, akatikisa mabega, akatoa sauti ya mtu aliyepaliwa na maji. Machozi hayakuja. Mara ya tano wakaleta kitunguu. Mara ya tisa wakaleta dawa ya kuchua, ile ya mafua ya kikopo kidogo, ajipake kidogo chini ya jicho. Yeye akajisugua kama anayejipaka mafuta ya ngozi. Jicho likavimba palepale. Kamasi zikamshuka mpaka mdomoni, na mume wangu akapiga kelele, "Usijifute! Usijifute, hiyo ni nzuri!"

Mimi nilikuwa nimevaa hedifoni. Kila kilichopita puani mwa Malkia kilipita masikioni mwangu. Anayedhani kazi ya sauti ni safi aje asikilize mtu akimeza kamasi mara kumi na nne.

Baada ya kila kipande nilidai dakika moja ya kimya. Hili lazima niwaeleze, maana ndilo lililoniponza. Kila chumba kina kimya chake. Kuna jokofu linalonguruma jikoni, kuna bati linalolia kwa jua, kuna pazia linalogusa ukuta. Mtu wa sauti anakinasa kile kimya peke yake, ili baadaye azibe nacho mahali palipokatwa maneno. Bila hicho filamu inasikika viraka viraka.

Kwa hiyo mwongozaji anainua kidole kimoja, na watu wote wanabaki walivyo. Hakuna kukohoa, hakuna kuhamisha mguu, hakuna kusema, mpaka mimi niseme, "Nimepata."

Kwenye dakika yangu mimi ni mkali. Jumamosi ile Lenzi alivuta pua sekunde ya arobaini, nikamfokea mbele ya wote.

"Hata nyumba ikiwaka moto," nikamwambia, "dakika yangu utaniachia."

Walicheka, lakini kuanzia hapo walisimama kama nguzo. Nilijiona mtu wa maana sana.

Jioni nilikuwa sebuleni nakunja nyaya. Mume wangu akaja akasimama mlangoni, anajikuna shingo.

"Hivi yule mdogo wako, mama humwitaje?"

"Jina lake si unalijua?"

"Si hilo. Wakiwa wawili. Kuna jina humwita kwenye simu."

Sisi kwa mama tumezaliwa wawili tu. Mdogo wangu anaendesha lori, yuko mbali, huja mara moja kwa mwaka, na akija mama hugeuka msichana. Mimi ndiye ninayempeleka kliniki ya presha. Mimi ndiye ninayejua kidonge kipi cha asubuhi na kipi cha jioni, na ndiye ninayemkata kucha za miguu kwa sababu mgongo wake umegoma kuinama. Hata ile miezi saba ya kununiana nilikuwa nazipeleka dawa zake na kuziacha dirishani. Sisemi ili mnisifu. Mtaona kwa nini nasema.

"Humwita Mvua," nikamjibu. "Alizaliwa mvua kubwa inanyesha. Hakuna mwingine duniani anayemwita hivyo."

"Mvua," akarudia, anaandika kwenye simu yake.

"La nini?"

"La hadithi. Jina zuri."

Sasa hapa ndipo ninapoanza kujichukia. Nilijua. Sikujua lini wala vipi, lakini miaka kumi na moja nimelala na mtu huyu, na namjua anavyokuwa mpole akiwa na jambo tumboni. Ningeweza kuuliza swali la pili. Nikaendelea kukunja waya.

Jumapili asubuhi Malkia alikuja na miwani ya jua. Alipoivua, Lenzi akageukia ukutani. Jicho lilikuwa limeziba kabisa, linatoa maji ya manjano, kope zimegandana. Mume wangu akamtazama kwa karibu, kama mwenye duka anavyotazama nyanya iliyooza, akasema, "Haya. Huyu hatufai tena."

"Nani hafai?" Malkia akaja juu. "Na dawa nani aliileta?"

Mume wangu alikuwa ameshamwendea mama.

"Mama, tumekwama. Tusaidie."

"Mimi sijui kuigiza, baba."

"Huigizi. Unakaa kitandani kwako, unakunja nguo zako kama kila siku. Simu yako inalia, unapokea, unasikiliza. Huyu dada atakuhesabia kwenye simu moja mpaka ishirini. Ikifika ishirini, tumemaliza."

"Nisiseme kitu?"

"Hata neno."

Mama akanigeukia. "Wewe unasemaje?"

Nikamwambia, "Ni kuhesabu tu, Mama."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu.

Nikambana maiki ndogo kwenye ukosi wa gauni. Akacheka, eti namtekenya. Akaniuliza kama gauni lile halijachakaa mno kuonwa na watu. Nikamwambia limempendeza, na kweli lilimpendeza. Alikuwa na furaha ya mtu anayesaidia wanawe.

Malkia akaenda jikoni na simu ya Lenzi, namba ambayo mama haijui, na karatasi aliyopewa na mume wangu. Sikuiona ile karatasi. Sikuomba kuiona.

"Akshen!"

Mama alikunja blauzi mbili. Simu ikalia. Akaipokea kwa aibu kidogo, macho chini, akijikaza asicheke, anasubiri moja.

Masikioni mwangu niliisikia sauti ya ndani ya simu, nyembamba lakini safi. "Naongea na mama yake Mvua?"

Angetaja jina jingine lolote, mama angejua ni mchezo. Lakini jina lile halikumwachia nafasi ya kushuku. Mama alidhani simu ya kweli imeingilia shughuli zetu. Alituinulia kiganja, kutuambia tusubiri, hii si yenu.

"Napiga kutoka hospitali, mama. Lori limepinduka. Pole sana. Madaktari wamejitahidi."

Malkia yuleyule, ambaye Jumamosi nzima hakuweza kuigiza hata chafya, jikoni pale alikuwa muuguzi aliyezaliwa muuguzi.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kitandani. Kupiga kelele kunahitaji nusu sekunde. Nilinyamaza.

Mama akasimama, nguo zikamwagika miguuni. Halafu akalia. Siwezi kukiandika kile kilio. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba taa ya mashine yangu iliruka kwenye nyekundu, na sauti ikifika kwenye nyekundu inapasuka, haifai tena. Mkono wangu wa kulia ukashuka kwenye kitufe na kukizungusha, taratibu, kitaalamu, mpaka kilio kikakaa sawa.

Kilio cha mama yangu. Nilikirekebisha ili kisikike vizuri.

Akaenda chini, kichwa kwenye ukingo wa kitanda. Kilio kikakatika ghafla. Na hapo, naapa, nikaona mume wangu ameinua kidole kimoja.

Dakika ya kimya.

Na sisi tukasimama! Lenzi nyuma ya kamera, mimi na mashine yangu kifuani, Malkia kwenye mlango wa jikoni na simu bado sikioni. Watu wazima watatu wenye akili timamu, mwanamke yuko sakafuni anadhani mwanawe yuko mochwari, na hakuna aliyesogeza hata unyayo, kwa sababu kidole kimeinuliwa na kwa sababu jana yake mimi niliwafundisha kwamba hata nyumba ikiwaka moto. Nimejiuliza mara mia kama tuliogopa, au tuliduwaa. Hapana. Tulikuwa kazini.

Sekunde kama ya ishirini, mama akaanza kunong'ona. Midomo ilikuwa kwenye shuka. Chumbani hakuna aliyemsikia. Ila maiki ilikuwa chini ya kidevu chake, na hedifoni zilikuwa masikioni mwangu.

"Mvua," akasema. "Yaani Mvua. Mungu wangu, si ungechukua huyu mwingine. Huyu wa kila siku. Ungeniachia Mvua wangu, ukachukua huyu."

Nilikuwa natazama saa ya mashine. Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Nilitazama namba zote mpaka sitini.

"Nimepata," nikasema.

Mume wangu akapiga makofi. "Kata! Mama! Mama yangu, ni mchezo! Mwanao mzima wa afya! Umetuua, Mama, umetuua kabisa!" Alikuwa amepiga magoti, anamwinua mkwewe kwa makwapa, anamtikisa, analia machozi ya furaha. Kwapa lake lenyewe lilikuwa limelowa mpaka kiunoni. Harufu yake nilikuwa nimeizoea miaka kumi na moja. Siku ile ilinipanda puani na kukaa humo.

"Mzima?" mama akauliza.

"Mzima kabisa!"

"Mpigieni."

Tukampigia. Mdogo wangu akapokea huku anatafuna. "Vipi, bi mkubwa?"

"Hakuna, Mvua. Nilitaka kukusikia tu."

"Nakula. Nitakupigia baadaye, sawa?" Akakata.

Mama akabaki ameishika simu. Kisha akavua maiki mwenyewe, akaniwekea kiganjani. Akainama na ule mgongo wake kuokota nguo moja moja, na nilipotaka kumsaidia akanisogeza kwa kiwiko.

"Mlisema atahesabu," akasema.

Akaziweka nguo kitandani.

Malkia akachungulia. "Nilikuwaje?"

Lenzi aliweka kamera chini, akatoka, akaenda kukaa kwenye ngazi za nje. Alipoletewa chai aliikataa. Mtu ambaye jana nilimdhalilisha kwa kuvuta pua, ndiye peke yake aliyekuwa na utu siku ile.

Mume wangu hakupoteza muda. Akafungua kompyuta kwenye meza ya chakula, akaanza kukata na kuunga picha, anapiga mluzi. Fomu ya mama aliiweka pembeni, juu yake kaweka kalamu. Mama alikuwa ameosha uso, amekaa uani peke yake, mgongo kwetu.

Saa tisa alasiri mluzi ukakatika.

"Njoo," akaniita. "Hapa kwenye kimya. Anasema kitu?"

Alikuwa amevaa hedifoni zangu. Niliona anavyopandisha sauti, anapandisha, anarudisha nyuma. Niliona macho yake yanavyokuwa makubwa. Nikadhani ameshtuka kwa ajili yangu. Nikadhani, kwa sekunde moja, kwamba nina mume.

"Huyu wa kila siku," akanong'ona. "Mke wangu! Unasikia hiyo? Ukikaa na karatasi mwaka mzima huwezi kuiandika sentensi kama hiyo."

"Huyo wa kila siku ni mimi."

"Ni mhusika."

"Ni mimi. Anasema mimi ndiye ningekufa."

"Nani atajua ni wewe? Watu watajua kuna dada. Hata bora zaidi, hadithi imepata dada!" Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa na mafuta ya mandazi. "Umekinasa vizuri ajabu. Hata pumzi inasikika."

Nilikwenda chooni nikatapika chai yote ya asubuhi. Nikanawa. Nikazichukua hedifoni zangu, nikarudi kwenye mashine yangu, nikafuta lile faili mpaka likaisha, nikaja kusimama mbele yake.

"Nimefuta."

Hata hakuinua kichwa. "Nilishanakili mapema."

"Toa hiyo sentensi."

"Hiyo ndiyo filamu."

"Nakuomba. Sikuombi kama mtu wa sauti, nakuomba kama mkeo."

"Tukishinda nani atapata kazi? Mimi peke yangu?" akasema. "Usiniletee ya kike saa hizi."

Niliitazama shingo yake, mikunjo ile miwili, na nikastaajabu kwamba nimewahi kuibusu.

Lakini nilibaki na tumaini moja, na nililishika kwa mikono miwili. Ile fomu. Mama hatatia sahihi. Mtu aliyefanyiwa vile hawezi kutia sahihi. Saa itafika kumi na mbili, filamu itabaki hapa, mimi nitaifuta siku nyingine taratibu, na mama hatajua milele kwamba yale maneno yalitoka na yakafika. Nitaendelea kumkata kucha. Kuna mambo binti anaweza kuyabeba, mradi mama yake asijue kwamba anayabeba. Nilijiambia hivyo mara nyingi mpaka nikakaribia kuamini.

Saa kumi na moja kasoro mama akaingia sebuleni. Alikuwa amevaa miwani yake ya kusomea.

"Kalamu iko wapi?"

Mume wangu akaruka kitini. "Hii hapa, Mama! Mungu akubariki."

"Mama, usitie," nikasema. "Huna deni na mtu hapa. Acha tu."

"Umefukuzwa kazi," akanijibu. Ndiyo mara ya kwanza alikuwa ananitazama usoni tangu asubuhi. "Huyu mumeo nimeshamjua, sina la kumfanyia. Natia kwa ajili yako. Ukae mwaka mzima unatangatanga?"

Sikuwa na mahali pa kuweka uso wangu.

"Ila kwanza nionyeshwe," akaendelea. "Sitii sahihi kitu nisichokiona."

Akakaa kwenye kiti cha mbele ya kompyuta. Mume wangu akabonyeza. Mama akajiona anakunja blauzi. Akajiona anainua kiganja. Kilio kilipofika alikaza taya, lakini hakugeuka. Kisha ikaja ile dakika, picha ya kichwa chake kwenye ukingo wa kitanda, na spika za kompyuta yetu, mbovu tangu zamani, zikatoa mkwaruzo tu. Minong'ono haikusikika. Nilizishukuru zile spika kama mtu anavyomshukuru daktari.

"Simamisha," mama akasema.

Mume wangu akasimamisha.

"Hapo nilisema kitu."

"Ulisema, Mama! Hiyo ndiyo roho ya filamu yenyewe!"

"Sisikii. Nilisema nini?"

"Spika hazina nguvu. Ngoja." Na kabla sijafika, akanivua hedifoni shingoni, akamvisha mama juu ya kitambaa chake cha kichwa, akarudisha nyuma, akabonyeza.

Nilimtazama mama akisikiliza. Mwanzoni alikunja uso kama anayesikiliza mtu wa mbali. Halafu uso ukatulia. Ukatulia sana.

"Rudisha," akasema.

Akasikiliza tena mpaka mwisho. Mkono wake ulikuwa juu ya fomu, kalamu katikati ya vidole. Akasogeza upande mmoja wa hedifoni, sikio likabaki wazi, akaniuliza bila kugeuka.

"Wewe wakati ule ulikuwa umezivaa hizi?"

"Hapana, Mama," nikasema. "Zilikuwa shingoni."

Nilisema vizuri. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Na niliona mabega yake yanashuka, pumzi inamtoka, mtu anayetua mzigo.

Mume wangu akaangua kicheko.

"Shingoni? Huyu? Mama, mtu huyu tangu jana asubuhi hazijatoka masikioni. Mende akipita jikoni anamsikia! Wewe unanong'ona pale, sisi wote hatujui kitu, yeye peke yake anapata kila neno." Akanipiga begani kwa fahari. "Ndiyo maana nilimuoa."

Mama akavua hedifoni. Akaziweka mezani. Akaweka na kalamu.

"Mkwe," akasema, "toka nje."

"Mama, ni saa kumi na moja na robo, bado sahihi tu—"

"Toka. Na uufunge mlango."

Akatoka anarudi nyuma, kompyuta kaikumbatia kifuani. Mlango ukafungwa. Tulimsikia Malkia akiuliza kuna nini, na Lenzi akimwambia anyamaze.

Mama akavuta kiti cha pembeni yake, akakifuta kwa kiganja, kama anavyomfutia mgeni.

"Kaa hapa," akasema. "Usilie. Uliyoyasikia, niulize."